Leusizimu si ualbino: juu ya nyoka weupe na jina wanalobandikwa

Kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi mno kutoka kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako kufuga nyoka nyumbani ni jambo la kawaida: je, nimchukue albino mwenye macho mekundu au albino mwenye macho ya buluu? Anayeuliza huwa ameshaonyeshwa nyoka wawili weupe pe, mmoja nyoka wa mahindi wa Marekani na mwingine chatu mdogo wa Afrika Magharibi, na muuzaji amewaita wote kwa jina moja. Swali halina ubaya, ila limejengwa juu ya jina lisilo lake, kwa kuwa kati ya hao wawili mmoja tu ndiye albino. Wa pili ana hali nyingine kabisa, iitwayo leusizimu, na tofauti hiyo si ya kuwapendeza wanabiolojia peke yao, bali inamgusa pia mtu anayetaka kujua amenunua nini.

Maana zenyewe ni fupi. Ualbino ni hali ya kuzaliwa ambayo seli za rangi zipo mahali pake lakini haziwezi kutengeneza melanini, yaani rangi ya weusi na kahawia ya mwili, au hutengeneza kidogo mno. Leusizimu ni hali ya kuzaliwa ambayo seli za rangi zenyewe hazikufika kwenye ngozi, au zilifika zisikomae, ama mwili mzima ama baadhi ya sehemu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo.

Asili ya maneno haya haimsaidii anayetaka kuyatenganisha. "Albino" limetokana na neno la Kilatini albus, likaenea kupitia Wareno, ambao walilitumia kwa Waafrika waliozaliwa na ngozi nyeupe. "Leusizimu" limetokana na leukos la Kiyunani, lile lile lililomo katika jina la saratani ya damu, lukemia. Albus ni nyeupe, na leukos ni nyeupe vilevile, kwa hiyo anayetafuta tofauti katika kamusi ya lugha za kale atatoka mikono mitupu. Tofauti imewekwa na wanasayansi kwa makubaliano, nao wameiweka kwenye chanzo cha weupe wala si kwenye weupe wenyewe. Kwetu sisi neno ualbino limeshapata mahali pake pa heshima: tunasema mtu mwenye ualbino, tumeyaacha majina ya zamani yaliyokuwa yakidhalilisha, na tangu 2015 tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya hali hiyo. Neno lililobeba mambo mazito kiasi hicho halifai kutupiwa kila kitu cheupe kinachopita.

Nadhani kosa lilianzia kwa mamalia. Binadamu, panya na sungura hutegemea melanini kwa rangi ya ngozi na nywele zao, iwe nyeusi, kahawia au ya wekundu. Melanini ikikosekana, hakibaki kitu cha kushika nafasi yake, ndipo tunapomwona yule sungura mweupe mwenye macho mekundu ambaye karibu kila mtu anamfahamu. Watu wakajifunza kwa sungura kwamba albino maana yake ni mweupe, kisha wakalihamishia somo hilo kwa wanyama wote bila kuuliza kama nao wameumbwa vivyo hivyo.

Nyoka hakuumbwa hivyo. Ngozi yake ina seli za rangi za aina tatu. Za kwanza hubeba melanini, nazo hutoa weusi na kahawia. Za pili hubeba manjano na nyekundu. Za tatu zina fuwele za guanini ambazo hazina rangi zenyewe, bali hurudisha mwanga na kuubadilisha. Ualbino huzigusa zile za kwanza tu, na nyingine huendelea na kazi yake kama kawaida, pengine kwa kuonekana zaidi kwa kuwa sasa hakuna weusi wa kuzifunika. Ndiyo maana chatu albino wa Afrika Magharibi ana mabaka ya manjano yaliyoiva kama kiini cha yai juu ya ngozi nyeupe, na ndiyo maana nyoka wa mahindi albino, ambaye ukoo wake wa kufugwa ulianza na dume mmoja aliyekamatwa porini North Carolina mwaka 1953, ana rangi ya machungwa na wekundu kiasi kwamba asiyeambiwa hawezi kumdhania kuwa albino hata kidogo. Katika ulimwengu wa nyoka, basi, albino mara nyingi ni mnyama mwenye rangi kali kabisa, na aliye mweupe pe mara nyingi si albino. Wauzaji wengi wanalijua hili vizuri, na sioni udhuru wao wa kuendelea kulichanganya.

Atauliza mtu: yule nyoka wa mahindi mweupe mwenye macho mekundu ametoka wapi, kama albino wa ukoo wake ni wa rangi ya machungwa? Huyo, ambaye wafugaji humwita Snow, amerithi hitilafu mbili kwa pamoja. Moja ni ualbino, ulioondoa weusi. Nyingine ni ya jeni tofauti, iliyoondoa wekundu. Zote mbili ni za kujificha, maana yake nyoka hazionyeshi mpaka azipate kwa baba na kwa mama. Ukimpeleka karibu na dirisha mchana na kumtazama kwa ubavu, bado utaona mabaka ya ukoo wake mgongoni, yamepauka kuwa waridi hafifu juu ya weupe, na akishakua shingo yake huingia manjano. Seli zake za rangi zipo, na hivyo mchoro wa mwili haujafutika, bali umefifia.

Chatu wa macho ya buluu ni habari nyingine. Spishi yake, Python regius, huishi porini kuanzia Senegal hadi Uganda, na jina lake la Kiingereza cha Marekani, ball python, limetokana na tabia yake ya kujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati anapoogopa. Katika mji wa Ouidah nchini Benin ukoo huo una hekalu lake, kwa kuwa wafuasi wa Vodun, dini ya jadi ya huko, huwaheshimu chatu hawa. Weupe wake wa kufugwa hutokana na kundi la jeni ambazo wafugaji wamezipa majina ya biashara kama vile Mojave, Lesser na Butter. Nyoka mwenye nakala moja ya jeni ya kundi hilo ana rangi, ingawa imebadilika kidogo na kuwa nyepesi. Akipata nakala mbili, moja kwa kila mzazi, anakuwa mweupe mwili mzima. Mwaka 2023 watafiti waliihusisha hali hiyo na jeni iitwayo EDNRB1, ambayo kazi yake ni kuziongoza seli changa za rangi zinapoanza safari. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi uliotumia magamba ambayo nyoka wa wafugaji wa kawaida walikuwa wamejivua uliuhusisha ualbino wa chatu hao hao na jeni ya TYR, inayotengeneza kimeng'enya cha kuanzishia melanini. Hizo ni jeni mbili tofauti zenye kazi mbili tofauti, na kama kuna mtu alihitaji ushahidi mwingine zaidi ya macho yake, huo ndio.

Na macho hasa ndiyo yanayotoa siri. Seli za rangi za ngozi huzaliwa mgongoni mwa kiinitete, kando ya mahali panapojengwa uti wa mgongo, kisha husafiri kwenda kila upande wa mwili. Lile tabaka jeusi lililo nyuma ya jicho haliletwi na wasafiri hao, bali huchipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe unaokua. Katika leusizimu wasafiri hawafiki, ngozi inabaki tupu, lakini tabaka la nyuma ya jicho lipo na lina weusi wake, kwa hiyo jicho huonekana la buluu au jeusi. Katika ualbino kinachokosekana ni melanini yenyewe, nayo hukosekana kila mahali, pamoja na nyuma ya jicho, ndiyo maana damu iliyomo humo huonekana na jicho huwa jekundu au la waridi. Tahadhari moja tu: usihukumu kwa picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, kwa sababu hata jicho la buluu la chatu mweupe linaweza kurudisha wekundu katikati ya mboni. Mtazame mchana kwa jicho lako.

Kosa hili halikuanzia kwa wafuga nyoka, na sisi wenyewe tumelishiriki. Yule twiga mweupe wa Tarangire aliyepewa jina la Omo, kutokana na sabuni ya kufulia, aliitwa albino na watu wengi ingawa macho yake yalikuwa meusi na nywele za shingo yake zilikuwa na wekundu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa twiga weupe wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Garissa, ambapo Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na mwanawe wameuawa na majangili. Wote hao walikuwa na leusizimu, na wahifadhi walilisema hilo waziwazi, lakini neno albino lilikuwa limeshatangulia.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Akishajua kwamba mbele yake wako albino mmoja na mwenye leusizimu mmoja, bado hajapata jibu la amchukue yupi, kwa kuwa rangi haimfundishi nyoka tabia. Nyoka wa mahindi ni mtembezi, hupanda, hula panya wake bila kubembelezwa, na hupenya kwenye upenyo wowote uliosahauliwa kwenye kifuniko cha boksi. Anayemtaka nyoka wa kumwona akizunguka jioni amchukue huyo, mradi ampatie mahali pengi pa kujificha na asimwekee taa kali, kwa sababu jicho lisilo na tabaka jeusi huumizwa na mwanga. Chatu hana wasiwasi huo wa macho, ila anataka joto zaidi, kama nyuzi 31 hadi 33 upande wa moto, pamoja na hewa yenye unyevu, naye anaweza kususa chakula kwa miezi bila kuumwa, jambo ambalo limewakosesha usingizi wafugaji wengi wapya. Tena ni mnyama wa maisha marefu sana: mwaka 2020 jike wa spishi hiyo katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai. Mimi ningemshauri anayeanza amchukue nyoka wa mahindi, na wala isiwe kwa sababu ya weupe wake.

Kwa chatu mweupe, cha kumuuliza muuzaji ni aina za wazazi. Aliyetokana na Mojave wawili huelekea kuwa na kivuli cha kijivu kichwani. Waliotokana na Lesser wawili ni weupe zaidi, lakini baadhi yao huzaliwa na macho yaliyotokeza kupita kiasi. Na kwa kuwa leusizimu hufuta mchoro wote, chini ya weupe huo panaweza kujificha jeni nyingine ambazo mnunuzi hazioni, ikiwemo ile iitwayo Spider, inayoambatana na kutikisika kichwa na kupoteza mizani. Mchoro wa Spider utafichika, kutikisika hakutafichika. Mwombe muuzaji amwache nyoka atembee mezani mbele yako kabla hujatoa fedha.

Wanaoumia zaidi na jina hili ni wale wanaoamua kuzalisha. Nimesikia zaidi ya mara moja habari za mtu aliyempandisha chatu wake mweupe wa macho ya buluu kwa chatu albino wa manjano, akiwa na hakika kwamba albino kwa albino huzaa albino. Mayai yakaanguliwa, na hakutoka hata mmoja mweupe wala hata mmoja wa manjano. Wote walikuwa na rangi ya kahawia nyepesi ya Mojave au Lesser, kila mmoja akiubeba ualbino ndani kwa ndani bila kuuonyesha. Alidhani ametapeliwa, kumbe aliuziwa wanyama halali kabisa wenye hitilafu mbili zisizojuana. Angewapandisha weupe wa macho ya buluu kwa weupe wenzao, au albino kwa albino wa ukoo ule ule, angepata alichokitarajia.

Kwa hiyo anayemwita chatu wa macho ya buluu albino hakuna haja ya kumkemea, hasa ikiwa ndivyo alivyoambiwa dukani. Inatosha kumwomba atazame macho ya mnyama wake mara moja zaidi na aseme "mwenye leusizimu". Na kama neno hilo linamtatiza ulimi, aseme "chatu mweupe", maana hapo hatakuwa amekosea.