"Gram hasi" kwenye karatasi ya maabara maana yake nini?

Hasi ya malaria ni habari njema. Kwa hiyo mtu akisoma "gram hasi" kwenye majibu ya mkojo wake, kisha daktari akamwandikia dawa, ana haki ya kuuliza: mbona? Hasi hii haina maana ya kuwa hakikuonekana kitu. Ni habari ya rangi.

Mdenmaki Hans Christian Gram aliieleza njia hii mwaka 1884. Bakteria hupakwa kwenye kioo, wakamwagiwa rangi ya zambarau, halafu ayodini, halafu spiriti. Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau yao. Hao ni gram chanya. Wenye ukuta mwembamba huvuliwa rangi na spiriti, wakapokea nyekundu inayotiwa mwisho. Hao ndio hasi.

Tabu huanzia hapo. Escherichia coli, Klebsiella, Salmonella, Shigella: wote hao wa matumboni ni vijiti vyekundu chini ya hadubini, na jicho haliwatengi. Inabidi walishwe. Sahani ya MacConkey, ya kuoteshea bakteria, ina chumvi za nyongo za kuwazuia gram chanya, sukari ya maziwa, yaani laktosi, na rangi ya kugundua asidi. Kinachoigandisha ni agari itokanayo na mwani. Bakteria wakilala humo usiku mmoja kwenye nyuzi 35 hadi 37, wanaochachusha laktosi, kama E. coli, huota waridi. Salmonella na Shigella kwa kawaida hubaki wamepauka. Kwenye choo E. coli si ajabu, karibu kila mtu anaye. Kwenye mkojo ni maneno mengine.

Kimelea wa kipindupindu, Vibrio cholerae, naye ni gram hasi lakini si wa ukoo huo. Humtenga na hao kipimo cha oksidezi, kimeng'enya alicho nacho: yeye hugeuza karatasi kuwa zambarau iliyoiva ndani ya sekunde chache, wale wa mwanzo hawaigeuzi.

Homa ya matumbo, inayoletwa na aina ya Salmonella, hutafutwa zaidi kwa kuotesha damu kuliko choo, kazi ambayo Pemba imefanywa na maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake. Mimi naiamini njia hiyo kuliko Widal, kipimo cha damu kinachopima kingamwili tu na ambacho hukosea mara nyingi.

Basi ukiona "gram hasi" peke yake, bila jina, maabara haijamaliza. Jina huja kesho yake au keshokutwa, pamoja na dawa zinazomuua.