Kubadilisha nepi katika kituo cha kulelea watoto: maswali ya wazazi na walezi

Mtoto anayeshinda kituoni kutwa nzima hubadilishwa nepi mara kadhaa na mtu asiye mzazi wake. Katika dakika hizo chache ngozi yake hupona au huumia, ugonjwa wa kuhara huzuiwa au husambaa chumba kizima, na yeye mwenyewe hujifunza jinsi watu wazima wanavyopaswa kuugusa mwili wake. Maswali yanayofuata ndiyo yanayoulizwa mara nyingi na wazazi na walezi.

Nepi ibadilishwe kila baada ya muda gani?

Yenye kinyesi ibadilishwe papo hapo, hata kama mzazi yuko njiani kuja kumchukua mtoto. Yenye mkojo tu ikaguliwe kila baada ya saa 2 hivi, na ibadilishwe ikiwa imelowa. Tatizo kubwa huanza mkojo na kinyesi vinapokaa pamoja. Mkojo huzalisha amonia inayoondoa hali ya asidi inayoilinda ngozi, na hapo vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi hupata nguvu ya kuishambulia. Mtoto anayehara huweza kuchubuka ndani ya saa chache.

Nepi za kutupa hunyonya sana, kwa hiyo kuipapasa kwa nje hakutoshi. Fungua uangalie. Vituo vingine hubadilisha watoto wote kwa mkupuo mmoja, asubuhi mara moja na mchana mara moja. Ratiba hiyo humfaa mlezi kuliko mtoto. Saa maalumu ziwepo ili asisahaulike yeyote, lakini aliyejisaidia asisubiri zamu.

Mlezi akivaa glovu, bado anahitaji kunawa mikono?

Ndiyo, kabla na baada, na jambo hili ningeomba lizingatiwe kuliko mengine yote hapa. Mtazame mlezi aliyevaa glovu akifanya kazi bila mpango: anapangusa kinyesi, anakumbuka krimu, anavuta droo, anafungua kopo, anarudi kwa mtoto, anamvuta soksi juu. Mikono yake imebaki safi, lakini mpini wa droo, kopo na soksi vyote vimechafuka, na mtoto mwingine atavigusa.

Dawa yake ni kuandaa kila kitu kabla mtoto hajalazwa: nepi mpya, pamba au tishu zenye unyevu, nguo za akiba, mfuko wa taka, na krimu kidogo iliyokwisha kuchotwa na kuwekwa juu ya tishu safi. Ukimaliza kupangusa, vua glovu kabla ya kushika nepi safi. Mtoto akishavaa, naye anawishwe mikono, maana wengi hupeleka mkono chini wakati wanabadilishwa, kisha wanautia mdomoni. Halafu safisha mahali alipolala, na umalize kwa kunawa mikono yako mwenyewe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 angalau.

Dawa ya mikono yenye spiriti isichukuliwe kuwa mbadala. Haiui vizuri virusi vya noro, ambavyo ni miongoni mwa vinavyosababisha kuhara na kutapika kwenye vituo. Bakteria wa shigela nao wanahitaji kuingia wachache sana tumboni ili mtu augue. Na mtoto mdogo anaweza kuwa na homa ya ini aina ya A bila dalili yoyote, kisha mlezi wake ndiye anayegeuka macho ya njano. Ndiyo maana usafi unafanywa kwa kila nepi, ya mtoto mgonjwa na ya mwenye afya.

Sehemu za siri zisafishwe vipi?

Maji ya uvuguvugu na pamba vinatosha. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, kila mpanguso kwa pamba mpya, ili vijidudu vya kinyesi visifike kwenye njia ya mkojo. Mvulana asafishwe uume kwa nje na chini ya korodani. Govi lisivutwe nyuma kwa nguvu, kwani utotoni bado limeshikana na kichwa cha uume na kulilazimisha kunaleta vidonda. Fungua mikunjo ya mapaja kwa upole, kisha kausha kwa kugusagusa, usisugue. Poda iachwe kabisa: vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto.

Mwanangu anarudi na wekundu makalioni. Ni kosa la kituo?

Si lazima. Hata mtoto anayetunzwa vizuri hupata vipele vya nepi, hasa akihara au akiwa anatumia antibiotiki. Mpe nafasi ya kukaa bila nepi kwa dakika chache kila siku, badilisha mara nyingi zaidi, na paka krimu ya zinki au mafuta ya mgando kwa unene wa kutosha kuzuia unyevu. Safu iliyobaki safi haihitaji kusuguliwa yote kila unapobadilisha. Ondoa iliyochafuka, ongeza nyingine. Mlezi asipake dawa ambayo mzazi hakuikubali, na kila mtoto awe na kopo lake lenye jina.

Wekundu ukidumu zaidi ya siku 3, ukawa mkali hadi ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogovidogo vilivyotawanyika, huenda ni fangasi, na hapo krimu ya kawaida haitoshi. Malengelenge, usaha, homa au damu kwenye kinyesi vinataka daktari. Vivyo hivyo kinyesi cheupe kama chaki kwa mtoto mchanga, kwani huweza kuashiria ugonjwa wa ini au wa njia ya nyongo. Na mtoto anayehara ambaye nepi yake imekaa kavu kwa saa 6 au zaidi anapungukiwa maji. Asisubirishwe hadi jioni.

Meza ya kubadilishia isafishwe na nini?

Kwanza sabuni na maji, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Kisha dawa ya kuua vijidudu, iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukitumia klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 49 inatosha, ichanganywe upya kila siku na kuwekwa mbali na watoto. Meza isiwe karibu na mahali pa chakula, na sinki lake lisioshewe vyombo. Mkono mmoja usimwache mtoto hata kidogo. Wengine wanaanza kujigeuza kabla hujatarajia.

Nitajuaje kwamba hakuna anayemdhuru mwanangu?

Uliza bila aibu. Kituo kizuri kitafurahi kukujibu. Nani hasa humbadilisha? Wawe watu wachache anaowafahamu, si mgeni wala mtu wa kujitolea aliyefika jana. Mahali penyewe pampe mtoto stara mbele ya wenzake, lakini mtu mzima mwingine aweze kuona au kuingia wakati wowote; mlango usifungwe kwa ufunguo. Simu na kamera visiingie kabisa. Kila badiliko liandikwe: saa, kilichokuwemo, hali ya ngozi, na jina la aliyebadilisha.

Mengine utayaona kwa macho. Mlezi mwema humwambia mtoto kinachoendelea: "Sasa tunafungua nepi, naomba uinue miguu." Humwacha ajipanguse mwenyewe anapoweza. Hakunji uso wala kumsema kwa harufu. Hutaja uume na uke kwa majina yake, ili mtoto akiguswa vibaya aweze kusema wapi.

Mlezi amekuta baka la kibluu matakoni. Afanye nini?

Watoto wengi wenye ngozi nyeusi huzaliwa na mabaka ya bluu au kijivu kwenye kiuno na matako. Hayaumi, hayabadiliki rangi kila siku kama chubuko, na hufifia kadiri mtoto anavyokua. Mzazi ayataje siku ya kuandikisha na yaandikwe yalipo. Alama yoyote mpya iripotiwe siku hiyohiyo kwa msimamizi wa ulinzi wa watoto, bila mlezi kuanza kumhoji mtoto mwenyewe.

Mtoto ana miaka 4 na bado anavaa nepi. Akataliwe?

Hapana. Wengi huwa tayari kwa poti kati ya miezi 18 na miaka 3, lakini wapo wanaochelewa, na wapo wenye ulemavu watakaohitaji msaada kwa miaka mingi. Kwa hao, mzazi na kituo waandike makubaliano: nani atasaidia, kwa vifaa gani, mtoto anaweza kufanya nini mwenyewe, na anaonyeshaje kwamba hataki kuguswa. Makubaliano hayo yapitiwe upya mtoto anapokua, kwa sababu stara anayohitaji wa miaka 4 si ile ya mtoto wa miezi 10.