Mwanajeshi, raia na Katiba: yanayosemwa vijiweni kusini

"Kulinda nchi ni kazi ya jeshi." Kauli hii huisikia sana vijiweni, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, na hunisikitisha. Ibara ya 28 ya Katiba ya Tanzania inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Kwa wakazi wa kando ya Mto Ruvuma hayo si maneno ya kitabuni tu: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu wenye silaha waliotokea Msumbiji. Askari hawezi kumjua kila anayelala kijijini. Jirani na mwenyekiti wa kitongoji wanamjua. Kutoa taarifa ya mtu mwenye nyendo za mashaka ni ulinzi, mradi isiwe njia ya kumkomoa mliyegombania naye mpaka wa shamba la mikorosho. Askari wetu waliozikwa makaburi ya mashujaa Naliendele walifia Msumbiji wakiwa kazini. Hatuwaenzi kwa kuwaachia wenzao kila kitu.

Wapo wanaoamini mwanajeshi hapigi kura. Anapiga. Ibara ya 147 inamkataza kujiunga na chama cha siasa, lakini haki ya kura anabaki nayo, na katika ibara hiyo polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nao wanahesabiwa wanajeshi. Wazee wengi wanakumbuka enzi za chama kimoja, askari alipoweza kuwa na kadi ya chama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, hilo likakoma, na ilistahili: askari anamlinda hata raia anayeipinga serikali iliyopo.

Eti mwanajeshi hutii amri yoyote? Sheria inamtaka atii amri halali. Wala bunduki si ya kudaia maslahi, hata dai likiwa la haki. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi wakitaka mishahara bora na maofisa Waafrika. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

La mwisho ni kwamba mwananchi wa kawaida hana la kufanya Katiba ikivunjwa. Ibara ya 26 inamruhusu kuchukua hatua za kisheria kuilinda, kwa utaratibu uliowekwa. Na kabla ya kufika mahakamani kuna mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, ambako ana haki ya kusimama na kuuliza mapato na matumizi.