Busta ya Dirishani na Simu ya Jirani

Malalamiko ya simu kukatikakatika hapa Mombasa, Mji wa Kale na pande za Markiti, yamezidi, na mara nyingi sisi tunaosimamia masafa tukifuatilia tunaishia kwa mtu aliyefunga busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, isiyo na idhini. Jibu lake ni lile lile: mitandao ya siku hizi ina misimbo, yaani mifuatano ya tarakimu inayotenganisha mtumiaji mmoja na mwingine, haiingiliwi. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Mawimbi ya mnara hayafiki simuni kwa njia moja. Mengine hugonga maghorofa, makontena na meli za Kilindini, yakachelewa, yakagongana na yaliyotangulia, hata baadhi ya masafa (frikwensi) yakafifia kabisa. Ili kukabili hilo, mwaka 1993 watafiti walipendekeza kuunganisha utawanyaji kwa msimbo na moduleshoni ya vibebaji vingi, yaani kupandisha data kwenye mawimbi mengi membamba kwa pamoja. Data huzidishwa kwa msimbo wa mtumiaji, kisha vipande vyake hupakiwa kwenye vibebaji vidogo tofauti kwa wakati mmoja, mfano wa shehena iliyogawanywa kwenye mikokoteni mingi: mmoja ukikwama kichochoroni, iliyofika yatosha kujua kilichotumwa.

Lakini 4G haikufuata njia hiyo moja kwa moja. 3G ndiyo inayotawanya kwa misimbo, chipu (vipande vya msimbo) milioni 3.84 kwa sekunde. 4G ilichagua vibebaji vilivyoachana kwa kilohezi 15, na misimbo ikabaki kwenye baadhi ya njia za udhibiti tu. Anayesema data yake ya 4G inalindwa na misimbo hiyo ya utawanyaji hajui asemalo.

Hata penye misimbo, kelele haipotei, hutandazwa tu. Busta ambayo antena zake za ndani na nje zimekaribiana hujisikia yenyewe na kuanza kupiga mluzi, kama maikrofoni iliyo karibu na spika, na mnara husikia mluzi huo badala ya simu zilizo mbali. Hapo nunua bando ulitakalo, halitasaidia.

Utaratibu ni huu. Chombo cha redio huhitaji idhini ya aina, yaani kibali cha modeli yake, kabla ya kuuzwa. Mdai muuzaji cheti. Busta, hata yenye cheti, isifungwe bila ridhaa ya kampuni ya simu yenye leseni ya masafa hayo. Kisicho na idhini chaweza kutaifishwa, na mwenyewe kushtakiwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, yenye adhabu za faini na kifungo. Mwenye lalamiko aanze kwa kampuni yake, apewe namba ya kumbukumbu, ndipo atuandikie: mtaa, tarehe, saa, na kama ni 3G au 4G. "Simu inasumbua" peke yake haitupeleki popote.