Je, wajua kwa nini makuli wa Sweden walikataa kushusha magari ya Tesla?

Mwishoni mwa mwaka 2023, gari jipya la Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, lililoagizwa Sweden liliweza kukwama mara kadhaa kabla ya kumfikia mnunuzi. Makuli walikataa kulishusha melini, mafundi umeme walikataa kutengeneza vituo vya kulichajia, na wafanyakazi wa posta walikataa kupeleka hata bahasha yenye vibao vyake vya namba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeajiriwa na Tesla. Waliofanya hivyo walikuwa wakiunga mkono mgomo wa mafundi wa gereji za kampuni hiyo, wasiozidi sana 130 nchi nzima, ulioitishwa na chama cha wafanyakazi cha IF Metall tarehe 27 Oktoba 2023.

Tesla haina kiwanda cha magari Sweden. Yanayouzwa huko hutoka hasa Ujerumani na China, kisha hutunzwa na mafundi hao. Chama chao kilidai saini tu: kampuni ikubali mkataba wa hali bora, yaani makubaliano yanayopanga mishahara, bima na pensheni kwa wafanyakazi wote wa fani moja. Tesla ilijibu kwamba masharti inayowapa mafundi wake ni sawa na ya mkataba huo au yanauzidi, jibu ambalo, kwa maoni yangu, linazidi kumfanya mtu ajiulize ni nini basi kinachoizuia kusaini.

Uzito wa saini hiyo unatokana na jambo moja linalowashangaza wageni wengi: Sweden haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Tangu waajiri na vyama vya wafanyakazi walipopatana katika mji wa Saltsjöbaden mwaka 1938, mambo hayo huamuliwa na wao wenyewe, na leo takriban wafanyakazi tisa kati ya kumi wanalindwa na mikataba ya aina hiyo. Mwajiri aliyesaini hupata amani, kwa kuwa wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma mkataba unapoendelea kutumika. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1976 inawaruhusu wafanyakazi wenye mkataba kuwaunga mkono wenzao waliogoma kihalali kwa mwajiri mwingine, na mlango huo ndio walioupitia makuli na watu wa posta. Kwao, kampuni kubwa ikiachwa nje ya mfumo, kesho mwajiri wao naye atauliza kwa nini yeye abanwe.

Suala la vibao ndilo lililouma zaidi. Mamlaka ya usafiri ya Sweden ilikuwa ikivituma kupitia shirika la posta la PostNord, na gari lisilo na namba haliruhusiwi barabarani. Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliandika mtandaoni kwamba huo ni wendawazimu, na siku chache baadaye Tesla ikaishtaki mamlaka hiyo pamoja na PostNord. Mahakama ya Norrköping iliamuru kwa muda kampuni ikabidhiwe vibao vyake moja kwa moja, lakini amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa.

Desemba 2023 vyama vya wafanyakazi vya Denmark, Norway na Finland viliwazuia wanachama wao kushughulikia magari ya Tesla yanayopelekwa Sweden, na mfuko wa pensheni wa Denmark, PensionDanmark, ukatangaza kuuza hisa zake za Tesla. Ndani ya Sweden mabishano yakawa ya kisiasa: waajiri wanataka migomo ya kuunga mkono ipunguzwe kwa sheria, wakisema inawaumiza wasiohusika, huku vyama vikisema bila silaha hiyo mfumo wote utabaki karatasi.

Vyama vilikuwa na sababu ya kutumaini ushindi. Mwaka 1995 kampuni nyingine ya Marekani, Toys R Us iliyouza vitu vya watoto, ilikataa kusaini vivyo hivyo, ikagomewa na kususiwa, na baada ya takriban miezi mitatu ikasalimu amri. Safari hii Oktoba 2025 ilifika, mgomo ukatimiza miaka miwili, na saini ilikuwa bado haijapatikana. Magari yenyewe yaliendelea kuingia kwa malori, na katika mwaka uleule mgomo ulipoanza, Model Y ya Tesla ndilo gari jipya lililonunuliwa zaidi Sweden.