Shauri la haki za msingi: linakokwama kabla majaji watatu hawajakaa

Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na ziko Ibara ya 12 hadi 29. Wananchi walisubiri hadi 1988 ndipo wakaweza kuzidai mahakamani. Leo njia ni Ibara ya 30(3) pamoja na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu tu.

Kuandika "nimeonewa" hakutoshi. Taja ibara, na ibara ndogo kama ipo; kitendo au kifungu cha sheria kinachoivunja; jina na anwani yako; unayemlalamikia; na nafuu unayoomba, yaani unachotaka Mahakama iamuru. Eleza yaliyotokea kwa ufupi. Ushahidi una wakati wake.

Penye hatari ni pingamizi la awali, yaani hoja ya unayemlalamikia kwamba shauri litupwe bila kusikilizwa, ambalo jaji mmoja anaweza kulimaliza kabla jopo la majaji watatu halijaketi. Kifungu cha 8(2) cha sheria hiyo ya 1994 kinaizuia Mahakama kusikiliza shauri ikiwa kulikuwa na njia nyingine ya kutosha. Aliyeachishwa kazi isivyo halali, kwa mfano, aanzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Akiiruka, shauri litatupwa hata kama kweli ameonewa.

Marekebisho ya sheria hiyo ya 2020 yalitaka hati ya kiapo ioneshe mlalamikaji ameathirika yeye binafsi kwa kiasi gani. Kwa maoni yetu sharti hilo liliumiza, kwa sababu wanaoonewa zaidi mara nyingi ndio wasioweza kufika mahakamani. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, kwa mfano, alikuwa mtu mzima asiyeguswa binafsi alipopinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama. Alishinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo Oktoba 2019.

Shauri hilo linafundisha jambo jingine. Mahakama inaweza isifute sheria papo hapo, bali ikaipa Serikali muda wa kuirekebisha. Hapo ulikuwa mwaka mmoja. Katika muda huo sheria huendelea kutumika, kwa hiyo iandike tarehe ya ukomo na uifuatilie.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma hiyo ni bure. Aende na nakala za barua na hukumu zote alizonazo.