Gumegume: bunduki ya jiwe, na maana ya kuijenga kutoka vipande

Siku hizi ukisikia mwanamume anaitwa gumegume, ujue katukanwa: hafai, yupo yupo tu. Lakini kamusi za zamani zinalo neno hilo kwa maana nyingine, yaani bunduki inayowashwa kwa jiwe, gobore lililotangulia lile la fataki, yaani linalowashwa kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Maana hiyo inastahili kukumbukwa, kwani bunduki hiyo ilishikwa na majeshi na wawindaji wa nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 200.

Gobore ni bunduki yoyote inayoshindiliwa kwa mdomoni. Baruti inatangulia, risasi inafuata, mdeki, yaani ufito wa kushindilia, unasukuma vyote mpaka chini. Kinachotenganisha aina moja na nyingine ni njia ya kuifikishia baruti moto, na hapo ndipo gumegume linapojitenga na mengine.

Ubavuni kuna mtambo. Nyundo yake ina taya mbili zinazobana kipande cha jiwe gumu, nalo limefungiwa kwenye ngozi lisiteleze. Mbele yake limesimama bamba la chuma cha pua, ambalo pia ni kifuniko cha kisahani chenye baruti laini, kidogo tu, kama chumvi ya kuonjea mchuzi. Ukifyatua, jiwe linakwangua bamba kutoka juu kwenda chini, bamba linalala mbele, kisahani kinabaki wazi na cheche zinamwagikia ndani. Wengi hudhani cheche hizo ni za jiwe. Sivyo. Ni chembe za chuma zilizochunwa na makali ya jiwe, zikashika moto hewani. Kwa hiyo bamba likiwa laini, hata jiwe liwe zuri namna gani, utasikia mkwaruzo tu na moto huuoni.

Moto wa kisahani unapenya kwenye tundu dogo ubavuni mwa mtutu na kuiwasha baruti ya ndani. Kati ya kufyatua na kulia pana kitambo kifupi sana, ila kipo, na mpigaji asiyeshikilia shabaha katika kitambo hicho hukosa.

Mtambo wa namna hii unahusishwa na fundi Mfaransa Marin le Bourgeoys wa Lisieux, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na fataki ikazaliwa kutokana na wazo hilo. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, bunduki kuukuu ziliuzwa kwa wingi Afrika. Nyingi zilishuka Zanzibar na kupanda bara na misafara.

Sasa, kuna watu Marekani wanaoijenga bunduki hii upya kwa mikono, hasa ile ndefu ya Pennsylvania iliyobuniwa na mafundi wenye asili ya Ujerumani katika miaka ya 1700. Wengi huanza na seti ya vipande: mtutu uliokwisha kutobolewa na kuchongwa mifereji ndani, mtambo uliokamilika, vifaa vya shaba nyeupe au njano, na mti wa mepoli uliochongwa nusunusu. Neno seti linadanganya kidogo. Mtu anaweza kudhani ni kukaza skrubu kama kitanda cha dukani, kumbe kazi yenyewe ni kulazimisha chuma na mti vikae pamoja bila mwanya.

Namna yake ni hii. Fundi anapaka masizi ya taa kwenye chuma, anakibonyeza mahali pake kwenye mti, kisha anakitoa. Panapobaki weusi ndipo panapogusa, basi anapakwangua kwa patasi, unyoya mmoja tu, na kurudia. Mara ishirini, mara hamsini. Akiwa na pupa akachimba kupita kiasi, mti haurudishiki. Mtutu hulazwa kwanza, mtambo ukaufuata ili kisahani kikae sawasawa na tundu la moto, kifyatulio baadaye. Naona uzuri wote wa bunduki hii umejificha hapo, katika mstari ule ambapo chuma kinaishia na mti unaanza. Mkono wa fundi husomeka kwenye mstari huo kuliko kwenye nakshi zozote.

Huko Marekani sheria ya shirikisho haiihesabu nakala ya gumegume kuwa silaha kama zilivyo nyingine, ingawa majimbo yana masharti yake. Tanzania gobore ni silaha kamili, na kulimiliki au kulitengeneza bila kibali ni kosa.

Mti ukishakaa, hupakwa mafuta ya kitani mkono baada ya mkono, na michirizi ya mepoli inajitokeza kama ngozi ya chui milia. Mtutu nao hauachwi uking'aa. Huachwa upate kutu kwa makusudi, ukasuguliwa, ukaachwa tena, siku kadhaa mfululizo, mpaka uwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa.